Risala ya Wenye Magari ya Biashara wa Pwani: Kampuni Iliyoshika Utetezi Wetu Isituache Njiani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, Bunge la Kitaifa. Kwa Kamishna wa Bima. Na nakala kwa Msajili Mkuu wa Mahakama.

Waheshimiwa,

Sisi tuliotia sahihi risala hii ni wenye magari madogo ya biashara: matatu za abiria 14, tuk-tuk, pikapu za samaki na mboga, vani za mikate na maji. Wengi wetu tuna gari moja tu, na hilo ndilo linalolipa karo, kodi ya nyumba na mshahara wa dereva. Tunafanya kazi kati ya Likoni na Malindi. Tunakuja mbele yenu kwa haki iliyo katika Ibara ya 119 ya Katiba, inayomruhusu kila mtu kuwasilisha ombi Bungeni, na tumekuja na jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili. Sheria inatulazimisha kukata bima. Tukishakata, mkataba wa bima unachukua utetezi wetu na kuukabidhi kampuni. Kisha anapotokea mtu na dai la uongo, kampuni hiyo hiyo inaamua bila kutuuliza: ama imlipe aondoke, ama itunyamazie mpaka hukumu itushukie sisi. Tunataka kampuni iliyoshika utetezi wetu iushike mpaka mwisho. Ikiwa haitaki, ituambie mapema na kwa maandishi, tukiwa bado na nafasi ya kujitetea wenyewe.

Kila mkataba wa bima ya gari tulionao mikononi una kipengele hiki, hata kama maneno yanatofautiana kidogo. Mwenye gari asikiri kosa, asitoe ahadi, asilipe wala asipatane na yeyote bila idhini ya kampuni. Na kampuni ina haki ya kuendesha kesi kwa jina la mwenye gari. Tunaielewa sababu yake. Kama kila dereva angeahidi pesa kando ya barabara, hakuna kampuni ambayo ingesimama. Lakini kipengele hicho kinafunga upande mmoja tu. Kinasema kampuni inaweza kututetea. Hakisemi kwamba ni lazima, wala hakisemi ni lini itupe habari kwamba imeamua kuacha. Na wakati huo wote jina lililo juu ya hati ya madai ni letu. Hukumu ikitoka ni yetu. Dalali akitumwa, mlango anaoubisha ni wetu.

Wenzangu wamenipa kazi ya kuisoma risala hii, na wamenitaka nieleze yaliyonipata mimi, maana ndani yake mna karibu kila tatizo ambalo wengine wamelipata kwa vipande.

Nina vani ya mikate. Ina viti viwili mbele, cha dereva na cha msaidizi wake. Nyuma hakuna kiti. Kuna rafu za chuma toka sakafuni hadi kwenye dari, na inapotoka Kisauni alfajiri rafu zote huwa zimejaa kreti. Asubuhi moja, karibu na soko la Mtwapa, iligusana na tuk-tuk iliyokuwa ikigeuza. Dereva wa tuk-tuk alichubuka goti, na kioo chake cha pembeni kikavunjika. Polisi walifika, wakapima, wakaandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo: vyombo viwili, mtu mmoja aliyeumia kidogo. Siku hiyo hiyo tuliipa taarifa kampuni yangu ya bima, tukajaza fomu, tukaacha nakala ya leseni ya dereva, na abstrakti ya polisi ilipotoka tukaipeleka pia. Nakala zangu zina muhuri wao wa kupokea. Dereva wa tuk-tuk alitengenezewa chombo chake na tukaagana vizuri.

Sheria inampa aliyeumia miaka 3 ya kufungua kesi ya namna hii. Muda huo ulipokaribia kwisha, walijitokeza watu wanne wakidai kwamba siku ile walikuwa abiria ndani ya vani yangu. Ndani ya vani yenye viti viwili, iliyojaa mikate. Kila mmoja alikuwa na abstrakti yenye jina lake, kadi ya matibabu, fomu ya P3 na ripoti ya daktari inayosema ameumia tishu laini za shingo, kifua na mgongo. Wote wanne waliumia shingo, kifua na mgongo.

Anayezifahamu kesi hizi anajua kwa nini majeraha ni hayo. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Mshono huacha kovu. Tishu laini hupona bila alama, kwa hiyo miaka miwili baadaye hakuna anayeweza kumtazama mdai akasema hakuumia. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi ndiyo kazi ya mawakala wanaozunguka vituo vya polisi wakinunua habari za ajali ndogo ndogo, hasa zile ambazo hakuna aliyezifuatilia.

Nilikwenda hospitalini, hospitali ya umma ambayo jina lake lilikuwa kwenye kadi zile. Afisa wa rekodi alilitoa daftari la wagonjwa wa nje la tarehe ile. Aliziba majina kwa karatasi, kama inavyompasa, akaniacha nisome namba na maelezo ya ziara. Namba iliyokuwa kwenye kadi ya mdai wa kwanza ilikuwa ya mtoto wa miezi tisa aliyeletwa kuchanjwa surua. Namba ya mdai wa pili haikuwamo kabisa. Mgonjwa wa mwisho wa siku ile alikuwa na namba iliyo chini yake. Afisa alipitisha kidole mstari kwa mstari ili nihakikishe. Kisha akasema, "Mzee, sisi barua tunaweza kuandika. Lakini hakuna aliyewahi kuja kutuuliza."

Hakuna aliyewahi kuuliza. Kampuni yenye mawakili na wapelelezi wa kukodi haikuuliza. Badala yake niliandikiwa barua ya aya mbili. Ilisema kwamba bima niliyokata ni ya gari la mizigo, kwamba wadai wanajieleza kuwa walikuwa abiria, kwamba bima ya gari la mizigo haihusu abiria, na kwamba kwa sababu hiyo kampuni haitahusika na kesi hizo.

Waheshimiwa, tunawaomba mtulie hapa kidogo. Ni kweli kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, haimlazimishi mwenye gari la mizigo kuwakatia bima watu wanaopandishwa humo wasiokuwa wafanyakazi wake. Hatubishani na hilo. Tunachosema ni kwamba hapakuwa na abiria, na kampuni ilikuwa na kila kitu cha kuionyesha hivyo: OB yenye majeruhi mmoja, fomu yangu, maelezo ya dereva, na kitabu cha usajili kinachosema gari lina nafasi ya watu wangapi. Iliyaweka yote hayo kando, ikaushika uongo wa mdai kana kwamba umeshathibitishwa, na kwa uongo huo ikanitoa mimi kwenye bima niliyoilipia. Kama wadai wangetunga hadithi ndogo, wakasema walikuwa wakivuka barabara, kampuni ingelazimika kunitetea. Kwa kuwa walitunga kubwa isiyowezekana, niliachwa peke yangu. Hatujui kama kuna mwenye gari anayeweza kujikinga na jambo kama hilo.

Na barua yenyewe ilifika nikiwa tayari nimehukumiwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 10, inamtaka mdai aipe kampuni ya bima notisi ya kesi kabla haijafunguliwa au muda mfupi baadaye, la sivyo kampuni haiwezi kudaiwa hukumu ile. Kwa hiyo kampuni yangu ilijua. Notisi ilikuwa kwenye faili lao, na muhuri wa tarehe juu yake. Mimi niliyeshtakiwa sikujua, kwa sababu samansi haikunifikia. Kiapo cha mpeleka samansi kinasema alinikuta kwenye kibanda cha chai kilicho kando ya bekari, siku ya Ijumaa saa saba mchana, nikapokea karatasi na kukataa kutia sahihi. Mama mwenye kibanda hicho hukifunga saa sita kila Ijumaa, na mtaa mzima unajua. Saa saba mimi nilikuwa msikitini, safu moja na majirani zangu.

Mdaiwa ana siku 15 za kujibu samansi. Zikipita, mahakama inaweza kutoa hukumu bila yeye. Ndivyo ilivyokuwa, mara nne. Nilichokiona kwanza kwa macho yangu hakikuwa samansi wala hati ya madai, kilikuwa hati ya dalali ikiorodhesha vani, friji, seti ya viti na cherehani ya mke wangu, na siku 7 za kulipa kabla ya kunadiwa. Gharama za dalali nazo zilikuwa juu yangu.

Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 zinairuhusu mahakama kuifuta hukumu iliyotolewa bila utetezi, chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11. Nililazimika kutafuta wakili wangu, kwa pesa zangu. Mahakama ilinisikiliza, na kwa hilo ninashukuru. Lakini ilisimamisha mnada kwa sharti kwamba niweke nusu ya pesa za hukumu zote nne, na hilo ni sharti la kawaida katika maombi ya aina hii. Hakimu hakuwa na ubaya. Anamlinda mdai asije akabaki mikono mitupu. Ila mdai huyo ni yule ambaye namba yake ya hospitali ni ya mtoto wa chanjo. Nilikopa kwenye chama na kwa shemeji yangu, nikaweka. Mpeleka samansi alipoitwa ahojiwe juu ya kiapo chake, hakutokea. Hukumu zikafutwa, kesi zikaanza upya. Mbili zimekwisha sikizwa: afisa wa rekodi alikuja na daftari, askari akaja na OB, na zote mbili zikatupwa. Mahakama iliamuru nilipwe gharama. Anwani za wadai hao hazina mtu. Kesi mbili zilizobaki zingali zinaendelea, na kampuni yangu ya bima haijarudisha hata shilingi moja. Ilichofanya ni kunitumia ujumbe wa kunikumbusha kuilipia upya stika ya bima.

Wenzangu wengi hawakuachwa mahakamani. Wao walilipiwa, na hiyo nayo ni dhuluma, ingawa kwa nje inafanana na msaada. Mmoja wetu ana matatu ya njia ya Mtwapa. Iliteleza mtaroni ikiwa na abiria tisa, na kondakta anawajua karibu wote kwa sura kwa sababu ni wa kila siku. Waliolipwa ni kumi na sita, kwenye gari la abiria 14. Mwenye gari aliyajua hayo alipokwenda kufanya bima upya, akaambiwa punguzo lake la kutodai limeondoka na ada imepanda. Aliomba kuona majina ya waliolipwa. Akajibiwa kwamba faili ni mali ya kampuni.

Tunajua hesabu inayofanywa. Dai la majeraha madogo likiwa la laki moja au laki moja na nusu, wakili, mpelelezi na daktari wa kuja kutoa ushahidi wanaweza kugharimu zaidi ya hapo. Kulipa kunaonekana rahisi. Lakini urahisi huo ni wa kampuni kwenye dai hilo moja. Wakala aliyelipwa leo kwa abiria saba wa uongo atarudi kesho na kumi, na ada zinapopandishwa nchi nzima kwa sababu "madai yamezidi," anayezilipa ni yule aliyesema tangu mwanzo kwamba watu wale hawakuwamo garini.

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Hatukuja kupinga fidia. Miongoni mwetu wapo waliozika abiria wao, na wapo madereva walio na vyuma miguuni. Mama aliyevunjika nyonga ndani ya matatu anastahili kulipwa, upesi na kikamilifu, na mwenye gari aliyekosea hana haki ya kukwepa. Yule mama ndiye anayecheleweshwa na wadai wa uongo. Faili lake liko chini ya mafaili yao. Na sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kile ambacho kampuni inaweza kulazimishwa kulipa kwa mtu mmoja. Pesa zinazomwagwa kwa waongo hazimfikii aliye ndani ya kikomo hicho wala aliyekizidi.

Lipo pia kundi ambalo kampuni zao hazipo tena. Kampuni ya United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na nyingine zikafuata baadaye, nyingi kati ya hizo zikiwa ndizo zilizokuwa tayari kukatia bima magari ya abiria. Kampuni ikianguka, utetezi wake unaanguka nayo katikati ya kesi, na mwenye gari huenda asipewe habari mpaka dalali afike. Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ipo, lakini malipo yake yana kikomo cha Sh250,000 kwa dai, na hazina haiwezi kusimama mahakamani kumhoji shahidi wa uongo.

Na wapo waliouza magari zamani. Mnunuzi hakuhamisha umiliki, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo. Mjane mmoja wa Kongowea anashtakiwa kwa ajali ya gari ambalo marehemu mumewe aliliuza. Hana bima yake, hana habari na dereva, na mnunuzi hajibu simu.

Sasa madai yetu. Tumeyajadili kwa mikutano mirefu, na tumejizuia tusiombe yasiyowezekana.

La kwanza, na kubwa kuliko yote, ni kwamba kampuni isiruhusiwe kujitoa kwenye kesi kwa barua. Sura ya 405 tayari ina mfano wa kufuatwa. Kampuni ikitaka kuukana mkataba kwa sababu mwenye gari alificha jambo au alidanganya alipokata bima, kifungu cha 10 kinaitaka iombe tamko la mahakama, na isiombe baada ya miezi 3 tangu kesi ya mdai ianze. Tunataka utaratibu huo utumike kwa kila sababu ya kujitoa, pamoja na ile ya "hao walikuwa abiria." Kampuni iende mahakamani, mwenye gari aitwe, asikizwe. Mpaka mahakama iamue, kampuni iendelee kumtetea. Na ikiwa sababu yake ya kujitoa imetoka kwenye maelezo ya mdai ambayo mwenye gari anayakana, basi ithibitishe kwanza kwamba maelezo hayo ni ya kweli.

Pili, tupewe habari. Siku ambayo kampuni inapokea notisi ya kesi au barua ya wakili wa mdai, mwenye gari aarifiwe, na isipite siku 7 kabla hajapata nakala ya kila karatasi iliyoletwa. Stika za bima sasa hutolewa kidijitali, na simu zetu zimo kwenye mfumo huo; ujumbe wa kutukumbusha kulipa unatufikia bila shida. Mahakama nazo tangu mwaka 2024 zinapokea kesi kwa mtandao nchi nzima. Tunamwomba Msajili Mkuu afikirie kuifanya namba ya gari kuwa sehemu ya lazima ya kufungua kesi ya ajali, na mfumo umtumie ujumbe aliyesajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuwa mwenye gari hilo. Kiapo cha mpeleka samansi kisiwe njia pekee ya mtu kujua kwamba ameshtakiwa. Jambo hili ni la haraka kwa sababu Mahakama za Madai Madogo, zinazosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, zinatakiwa kumaliza kesi kwa siku 60. Tunazipenda kwa wepesi wake. Lakini kwa mtu ambaye hajaambiwa kwamba ana kesi, siku 60 ni chache mno.

Faili la dai liwe wazi kwa mwenye gari. Ibara ya 35 ya Katiba haikuishia kwa habari zilizo mikononi mwa serikali. Inampa raia haki ya kupata habari zilizo kwa mtu mwingine yeyote ikiwa anazihitaji kulinda haki yake. Ibara ya 46 nayo inampa mteja haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika na huduma anayoilipia. Majina ya watu waliolipwa kwa jina la gari langu hayawezi kuwa siri mbele yangu.

Kisha kuna malipo ya kimya kimya. Hatuombi mwenye gari apewe kura ya turufu juu ya kila dai, maana wapo ambao wangeitumia vibaya. Tunaomba kwamba akikana kwa maandishi kuwa mdai fulani alikuwapo, kampuni isilipe kabla ya kufanya mambo mawili: kupata nakala ya OB iliyothibitishwa na kituo chenyewe, si abstrakti peke yake, na kupata uthibitisho wa hospitali kwamba namba ya matibabu ni ya mdai. Kwa kesi yangu, yote mawili yangekamilika kwa asubuhi moja. Ikilipa bila kuyafanya, malipo hayo yasiguse punguzo la kutodai wala ada ya mwaka unaofuata.

Hukumu inapotoka bila utetezi kwa sababu kampuni iliyokuwa na notisi ilinyamaza, basi kampuni ibebe mzigo wote: gharama za kuifuta hukumu, ada za dalali, na amana inayotakiwa na mahakama. Tunaisisitiza hii amana. Watu wasio na hatia wamelipa madai ya uongo kwa sababu hawakuwa na nusu ya kuweka.

Kwa Kamishna wa Bima tuna ombi la pekee. Mamlaka yenu hutoa takwimu za madai za kampuni za bima kila robo mwaka, na wengi wetu tunazisoma kabla ya kuchagua pa kwenda. Ongezeni safu moja: ni kesi ngapi dhidi ya wateja wa kila kampuni ziliishia kwa hukumu bila utetezi. Safu hiyo itatufaa kuliko tangazo lolote. Na Kitengo cha Kuchunguza Ulaghai wa Bima, kilichoanzishwa mwaka 2011, kielekezwe wazi kwa maandishi kwamba mwenye gari anaweza kulalamika mwenyewe bila kupitia kampuni, apewe namba ya faili, na aambiwe uchunguzi ulipofikia. Anayetengeneza kadi ya hospitali ya uongo ni mhalifu hata kama kampuni imeona ni nafuu kumlipa. Daktari, wakili au askari aliyeshiriki afikishwe kwa bodi yake na mahakamani pia. Orodha ya majina tuliyonayo hatukuiandika hapa, tutaikabidhi kwa wachunguzi.

Kuhusu waliouza magari, tunaomba NTSA iwe na njia ya muuzaji kuandikisha mauzo upande wake, kwa hati ya mauzo na kitambulisho cha mnunuzi, hata kama mnunuzi hajitokezi. Na kuhusu kampuni zilizoanguka, sheria imtake msimamizi kumwandikia kila mwenye kesi ndani ya mwezi wa kwanza, amweleze kesi yake iko wapi na faili lake alichukue wapi.

Tumeambatisha barua ya hospitali kuhusu zile namba mbili, nakala ya OB iliyothibitishwa, barua ya kampuni ya kujitoa ikiwa imefutwa jina la kampuni, na maelezo ya maandishi ya wenzetu ambao wamekubali kuitwa. Tunaiomba Kamati ituite tutoe ushahidi Mombasa, kwa kuwa nauli ya Nairobi si ya kila mmoja, na iziite kampuni za bima zikae chumba kimoja nasi siku hiyo hiyo, zijibu dai kwa dai. Tungependa kujibiwa kwa maandishi kabla kesi mbili zilizobaki hazijasikizwa.

Ni sisi wenye magari ya biashara, Mombasa na Kilifi.